Pini Kumi na Tisa Mgongoni

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea upande gani, na sikuwahi kumuuliza. Kila nilipokuwa karibu naye nilikuwa na pini kumi na tisa mgongoni, na mtu mwenye pini kumi na tisa mgongoni haulizi watu habari za babu zao. Anasimama wima, anapumua kidogo kidogo, anamwomba Mungu asipige chafya.

Tulimwita Mvishaji. Kazi yake ilikuwa kuvisha mtu nguo isiyo saizi yake, ili watu waliokaa majumbani wakiiona kwenye televisheni waitamani. Siku hizo televisheni ilikuwa bado ngeni Dodoma. Mtaani kwetu Miyuji seti zilihesabika, na mwenye nayo alipata ndugu wapya kila Jumamosi mchana. Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa saa ya kipindi chetu: nguo za dukani, laivu, na simu ya mezani kwa mtazamaji anayetaka kuwekewa yake.

Mwanamitindo nilikuwa mimi. Msicheke. Nilikuwa kidato cha tatu, mwembamba kama mlingoti wa bendera ya shule, na nilichaguliwa kwa sababu mbili: nilikuwa jirani, na kila nguo ilinipwaya. Mvishaji alisema mwili wangu ni mzuri kwa kazi kwa sababu haubishani na nguo. Mama yangu, karani wa ofisi ya serikali, alikubali kwa sharti kwamba nisionyeshe magoti wala ujinga. Magoti nilifanikiwa.

Studio ilikuwa zamani ghala la alizeti, na ukikaa sana humo ulitoka unanukia mafuta. Ilikuwa na kamera moja, taa mbili za kuchoma watu, na pazia la bluu lililotundikwa kwenye waya. Feni ilikuwepo ila Mvishaji aliipiga marufuku, kwa sababu upepo unainua nguo na nguo ikiinuka inasema mambo. Sakafuni alichora saa kwa chaki, duara kubwa lenye namba zote, nikasimamishwa katikati. Kamera ilikuwa kwenye kumi na mbili. Niliruhusiwa kuzunguka kutoka namba kumi mpaka namba mbili.

"Zaidi ya hapo?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Zaidi ya hapo ni nchi nyingine, na wewe huna pasi."

Maana mbele nilikuwa mke wa balozi, na nyuma nilikuwa duka la vyuma. Suti za Mwenye Duka, aliyelipia kipindi, zilitoka Dubai kwa saizi moja tu, saizi ya mwanamke na dada yake. Mvishaji aliikusanya ile nguo yote ya ziada nyuma ya uti wangu wa mgongo, akaikunja mkunjo juu ya mkunjo, akaibana kwa pini. Pini zikichoka alitumia zile klipu nyeusi kubwa za kubania mafaili, alizopewa na mama yangu. Mabegani aliweka sponji, na sponji ikikosekana, gazeti. Nimewahi kuvaa ukurasa mzima wa michezo bega la kulia. Mkunjo wa suruali aliupitishia kipande cha sabuni kwa ndani kabla ya kupiga pasi, ukasimama kama kisu. Kwenye soli za viatu alibandika plasta visichafuke, maana baadaye vinarudi dukani. Alijua kwamba shati jeupe linawaka kwenye kamera na kwamba mistari myembamba inatambaa kama siafu. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikuwa akitoka kuvisha, anakimbilia dirishani kwa jirani kuangalia marudio, anarudi kimya.

Ukimsalimu hakuitika mpaka akuzunguke. "Shikamoo, mama." Anapita upande, anaangalia mgongo, ndipo: "Marahaba. Bega lako la kushoto limeshuka. Badilisha mkono wa ndoo." Hivyo ndivyo alivyosalimiana na mtaa mzima, na mchungaji naye. Bombani aliwatambua watu kwa visogo. Siku moja mwanamke mmoja alimkasirikia, akamwambia, "We mama, mbona unanizunguka kama mbuzi wa mnadani?" Mvishaji akamjibu taratibu, "Kwa sababu mbele umeshajitengeneza. Mimi natafuta wewe."

Alikuwa na kawaida nyingine iliyonichekesha mpaka nikaacha. Kazini alivaa gauni lake nje ndani. Mishono hadharani, lebo shingoni, mifuko inaning'inia kama masikio. Jumapili aliligeuza, akaenda nalo kanisani likiwa jipya, kwa sababu upande wa nje haukuwa umeona jua wiki nzima. Nilimtania kwamba Mungu anamwona siku moja tu kwa wiki. Alinichoma na pini. Si kwa bahati mbaya.

Jambo ambalo sikulielewa ni hili: mwanamke huyu hakuweza kusema uongo. Akiletewa mtoto mchanga amsifie, kama mtoto hakuwa na sura ya kusifiwa, alisema, "Ana afya." Akipewa chakula kibaya alisema, "Kimenishibisha." Lakini kila Jumamosi alisimama nyuma yangu akibana uongo mtupu kwa vidole vyake kumi.

"Mama, hii si kudanganya watu?" nilimuuliza.

Alikuwa na pini mdomoni, kama kawaida yake. Kuzitoa zote kulichukua muda, na nadhani alizishika hapo kwa ajili ya maswali kama hilo.

"Mimi sijasema neno," alijibu. "Anayesema ni Mtangazaji."

"Na Mtangazaji anajua?"

"Mtangazaji anajua kusema."

Ni kweli. Mtangazaji alikuwa kijana wa sauti nzuri, na hakuwahi kupita nyuma ya pazia. Aliamini nina kiuno.

Zamani Mvishaji alikuwa na kibanda chake cha ushonaji, na wasichana wawili wa kumsaidia. Kisha mipaka ikafunguka, mitumba ikaja, Dubai ikaja, na watu wakaacha kushonesha. Wasichana wakaondoka. Kikabaki cherehani kimoja, kimefunikwa kitambaa kama maiti, na jora moja la pamba alilolinunua kiwanda kilipokuwa kinakaribia kufungwa. Lilikuwa la rangi ya udongo wa Mlali mvua ikishanyesha. Alilihifadhi miaka, hakulikata, mpaka mwaka ule.

Mwaka ule alishona magauni manne. Alinionyesha kwa ndani kwanza. Ndani palikuwa safi kama nje, hata uzi mmoja haukutokeza.

"Nani ataona huku?" nilisema.

"Anayevaa."

Alikuwa amemwomba Mwenye Duka dakika tano za kipindi. Mwenye Duka alikuwa mzee wa Kondoa, kanzu safi, mpole, mtu wa swala tano, na hakujiona mdanganyifu hata kidogo. Kwake pini zilikuwa sawa na kupanga nyanya nzuri juu ya tenga. Alimzungusha miezi, mwishowe akakubali: Jumamosi ya kuamkia wiki ya Bunge, mji umejaa watumishi na makatibu muhtasi wanaotaka nguo za ofisini, Mvishaji atapewa dakika tano, katikati, baada ya suti ya kijivu.

Ilikuwa hivi. Wakipiga simu watu, anafungua kibanda. Wasipopiga, Jumatatu mnunuzi anakuja kwa treni kutoka Gulwe kuchukua cherehani. Walishaelewana. Aliniambia hayo huku akinipima, kwa sauti ile ile ya kusema bega limeshuka.

Na mimi, katika wiki hiyo hiyo, nilikuwa nimefanya ujinga.

Rehema, rafiki yangu wa darasani, alinichokoza mbele ya watu. "Lea huyu wa kwenye TV! Anajiona mzungu! Mbona huwa hugeuki? Una mkia?"

"Nitageuka."

"Huthubutu."

"Jumamosi. Suti ya kijivu. Angalieni mgongo."

Nilishawasimulia habari za klipu na pini, darasa zima likacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja. Jumamosi bwalo lilikuwa limejaa, televisheni ya shule imepandishwa juu ya meza mbili, kila mtu anasubiri mgongo wangu. Niliapa. Ukishaapa mbele ya kidato cha tatu B huna pa kwenda. Bora ungeapa mahakamani.

Jumamosi yenyewe joto lilikuwa la kukaangia karanga. Mvishaji alinibana suti ya kijivu. Nilihesabu: pini kumi na tisa, klipu sita. Mtangazaji akapaaza sauti, "Watazamaji wapenzi, karibuni, suti ya mwanamke wa kisasa!" nikaingia kwenye saa ya chaki.

Namba kumi. Namba kumi na moja. Kumi na mbili, tabasamu. Namba moja.

Niliwaona bwaloni kama nipo nao. Rehema amesimama juu ya benchi. Namba mbili. Kisigino kilikuwa tayari. Ilibaki hatua moja tu.

Nikatupa jicho pembeni ya kamera. Mvishaji alikuwa amesimama pale na gauni lake amelilaza juu ya mikono miwili, kama anayemshika mtoto wa ubatizo. Hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia kisigino changu.

Nikakirudisha kisigino, nikarudi namba moja. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye klipu.

Nyuma ya pazia alinivua haraka, pini zinaangukia kwenye kopo la maziwa, ting, ting, ting. Akanivisha gauni. Lilinikaa kimya. Hakuna kitu kilichonichoma popote. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, kwa mara ya kwanza katika ile studio.

"Mama, hili halina pini."

"Halina." Akanishika mabega yote mawili. "Lakini usigeuke. Umenisikia? Hata hili, usigeuke."

Nilidhani ni mazoea tu. Mtu amesema neno moja mwaka mzima, litamtokaje? Nikaingia. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Na pale kwenye mbili nikawaza: hawa watu hawajui kwamba huyu mama anajua kushona hivi. Mgongo ndio mahali alipomalizia ufundi wake wote. Nikavuka. Nne, sita, nane, taratibu, mzunguko mzima, mikono nimeiachia. Nilimpa zawadi, nilivyoona mimi.

Simu ikalia kabla sijafika kumi.

"Jamani!" sauti ya mama mmoja ikajaa studio. "Hilo gauni la huyo mtoto! Mgongo umekaa! Niwekee, niwekee saizi kubwa!"

Wa pili akapiga. Mtangazaji alikuwa anacheka kwa furaha. Nilimtafuta Mvishaji kwa macho nimkonyeze. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na macho yake yalikuwa kwenye simu, kana kwamba anajua nani atafuata.

Wa tatu akapiga.

"Samahani, kaka. Na ile suti ya kijivu, mbona hakugeuka? Mimi niliinunua mwezi jana. Kwenye TV ni kiuno, nikivaa mimi ni gunia. Mwambie arudi nayo ageuke. Nipo kwenye simu, nasubiri."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Gauni lake lilipogeuka, kila nguo ambayo haikuwahi kugeuka ilibaki imesimama uchi.

Mtangazaji, Mungu ambariki, hakuelewa chochote. "Ombi la mtazamaji!" alipiga makofi. "Lea, suti ya kijivu, na safari hii utazunguka!"

Nyuma ya pazia Mwenye Duka alikuwa amekwisha kufika, kofia mkononi.

"Sema mtoto amepata kizunguzungu," alinong'ona. "Mama, nakuomba. Nina kontena zima."

"Mtoto hana kizunguzungu," alisema Mvishaji, na pini mdomoni.

"Sasa utafanya nini?"

Alinibana. Alinichoma mara mbili, na safari hii ilikuwa bahati mbaya. Nilisema, "Mama, nimeharibu?" Akasema, "Simama." Basi. Pini kumi na tisa, klipu sita, kama mwanzo. Akanisukuma nje.

Namba kumi na mbili. Mtangazaji akasema, "Haya, geuka, mrembo."

Sikugeuka.

"Lea, tuko laivu. Geuka."

Simu ilikuwa wazi. Tulimsikia yule mwanamke akipumua, na nyuma yake televisheni yake mwenyewe ikirudia sauti zetu. Nilikuwa nimeapa kugeuka, na bwalo zima lilikuwa linaniangalia, na sasa naambiwa nigeuke na Mtangazaji, na miguu imegoma. Mwenye Duka alikuwa anatikisa kichwa nyuma ya kamera, hapana, hapana. Klipu moja ilikuwa inateleza. Niliisikia ikishuka kidogo kidogo.

Ndipo Mvishaji akaingia kwenye picha. Hakuwahi kuingia kwenye picha. Aliingia na gauni lake nje ndani, mishono hadharani, akanishika mabega na kunizungusha mwenyewe mpaka kamera ikakaa katikati ya mgongo wangu.

"Mama uliyeko kwenye simu," alisema, "angalia."

Akaanza kutoa. "Hii ni klipu ya ofisini. Hii pini. Hii pini." Kila aliyoitoa, suti ilishuka kidogo, mpaka ikanifunika mikono na kunifanya nionekane mtoto aliyevaa koti la baba yake. Alitoa hata gazeti begani, akalikunja vizuri, akaliweka mfukoni.

"Suti hii ni ya mtu wa mara mbili ya mtoto huyu. Kitambaa chake kizuri, sitakitukana. Inataka kupunguzwa hapa, hapa, na hapa. Niliibana mimi, si mwingine. Uliyeinunua, njoo nayo Miyuji. Nitaipunguza."

Kisha picha ikakatwa, wakaweka ua na muziki.

Mwenye Duka alikaa juu ya kreti. "Umenimaliza," alisema, bila hasira. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ungebaki na kontena la nguo zisizomkaa mtu," alimjibu Mvishaji. "Sasa suti zina pa kupunguzwa." Akachukua kopo lake la pini. Wote wawili walijua kwamba hatarudi.

Kwangu alisema sentensi moja tu. "Nilikwambia usigeuke hata hili." Akaondoka.

Jumatatu mnunuzi wa Gulwe alifika akakuta foleni ya wanawake mlangoni, kila mmoja na suti ya kijivu kwapani. Wengine walikuwa wa ofisini wenye viatu vya kisigino, wengine wa mashambani waliosalimia "Mbukwa" kwa Kigogo na kukaa chini. Alisubiri kwenye kigoda mpaka alasiri, akanywa chai, akarudi na treni bila cherehani. Hiyo ni habari nzuri, na ningependa niishie hapo. Lakini magauni hayakwenda mbali. Manne yalinunuliwa, jora likatoa mawili mengine, likaisha, na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mwanamke aliyeshona nguo safi ndani na nje akawa wa kupunguza Dubai. Msichana wake mmoja alirudi, wa pili hakurudi.

Bwaloni nako Rehema alitoa hukumu: nimeshindwa, kwa sababu suti sikuigeuza mimi, niligeuzwa. Kipindi kilipata mvishaji mwingine na mwanamitindo mwingine, na simu zikawa hazifunguliwi tena hewani.

Na mimi nikawa napitia njia ya nyuma kwenda bombani. Sikukosana naye. Nilimsalimu, aliitika. Ila hakunizunguka tena. Alijibu marahaba yake kwa mbele, kama wanavyojibu watu wengine wote, na hilo liliniuma kuliko klipu.

Sasa niko kidato cha sita. Likizo iliyopita mama alinituma kwake na suti. Ya kijivu, ndiyo. Kumbe naye aliinunua siku zile, akaificha kwa aibu chini ya sanduku. Nilimkuta Mvishaji amekonda, miwani imefungwa uzi, gauni bado nje ndani. Mdomoni, pini.

"Ni ya mama," nilisema. "Ila kasema unipimie mimi, nina mahafali."

Akanivisha. Nilisimama kama zamani, napumua kwa mabega. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba swali, na nikaona leo afadhali nichomwe.

"Mama, siku ile. Ulijua nitageuka?"

Akaanza kutoa pini mdomoni. Moja moja. Nilizihesabu, saba.

"Nilijua tangu Jumatano," alisema. "Yule Rehema wako alikuja kupunguziwa sketi. Mdomo wake hauna zipu. Alinieleza suti ya kijivu, bwalo, kiapo, vyote."

"Ulijua? Na bado ukanivisha suti kwanza? Ningegeuka pale, gauni lisingetoka kabisa! Cherehani kingekwenda Gulwe!"

"Kingekwenda."

"Sasa kwa nini?"

Alipangusa miwani kwa pindo la gauni, upande wa nje ulio ndani.

"Mbele yako nilishapaona mwaka mzima," alisema. "Nilitaka kuona mgongo wako. Hukuigeuza suti yangu ya uongo, ukageuka na gauni langu la kweli. Nilikukasirikia, usidhani sikukukasirikia. Lakini nilikuona."

Akarudisha pini zote saba mdomoni, ili nisiulize zaidi. Kisha akainua kidole, akachora duara hewani.

Nikageuka. Taratibu, mzunguko mzima.